Siku tatu za kibarua kiwandani au fao la NSSF: aache lipi?

Mwanzisha mada: Kiwanda cha minofu ya sangara kikipunguza watu, aliyepunguzwa hudai NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, fao la upotevu wa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara wa mwisho kila mwezi, kwa miezi sita. Sharti mojawapo ni kwamba awe hajapata ajira nyingine. Sasa msimamizi anampigia simu: "Samaki wameingia, njoo siku tatu kwa wiki." Aende?

Mkata Minofu: Abaki na fao. Mshahara ukiwa 300,000, fao ni 99,900. Tuseme kibarua ni 8,000 kwa siku, nauli ya daladala na sahani ya wali vinakula 2,700. Zinabaki 5,300. Siku 12 kwa mwezi ni 63,600. Ili alifikie fao inabidi aitwe siku 19. Na siku yenyewe haianzi mpaka gari la samaki lishushe. Likichelewa, watu wanakaa getini na gambuti mkononi hadi saa nne, kisha wanaambiwa warudi nyumbani. Nauli imeshaliwa.

Karani wa Malipo: Mkuu, hesabu yako ni ya mwezi huu tu. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180. Miezi sita ya fao haina mchango. Kibarua kinachokatiwa mchango wa asilimia 20, mwajiri akibeba angalau nusu, kinasogeza hesabu hiyo.

Mama Igombe: "Kinachokatiwa", baba. Vibarua wangapi wa mwambao huu wanakatiwa? Wengi wanasaini daftari la mahudhurio, jioni wanahesabiwa noti. Msimamizi atamwambia hii si ajira, ni kibarua tu, endelea kula fao lako. Asikubali hata kidogo! Mchango hauingii, fao anachukua kinyume cha sharti, na daftari lenye sahihi yake limelala kwenye droo ya huyohuyo msimamizi. Siku akidai saa za ziada ataonyeshwa hilo daftari.

Mkata Minofu: Hapo umenena, mama.

Karani wa Malipo: Sipingi. Ila kabla ya kubishania fao, ahakikishe analo. Kwanza achukue taarifa ya michango, ahesabu mwezi kwa mwezi. Kuanzia miezi 18 analipwa hiyo asilimia 33.3. Pungufu ya hapo anapewa nusu ya michango yake, mara moja. Kwa mshahara uleule, miezi 17 ina michango ya 1,020,000, nusu yake 510,000. Mwenye 18 anapata kama 599,400 kwa miezi sita. Mwezi mmoja ambao mwajiri alikata asipeleke unamtoa kundi moja hadi jingine, kwa hiyo hati za mshahara asizitupe. Pili, barua ya kuachishwa kazi. Ikiandikwa "ameacha kazi kwa hiari", fao hakuna. Iseme amepunguzwa, na kwa nini. Tatu, jina la NSSF lifanane na la kitambulisho cha taifa (NIDA) herufi kwa herufi. Masanja wa huku asiwe Massanja wa kule.

Wa Kirumba: Je, akiachana na kiwanda, akanunua dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akaanika mwenyewe?

Mama Igombe: Hiyo ni biashara, hana mwajiri. Lakini ajue siku za mbalamwezi mitumbwi inalala na mtaji unalala nayo, na mvua moja juu ya dagaa mbichi inageuza mzigo wa kuliwa na watu kuwa chakula cha kuku.

Karani wa Malipo: Sharti linataja ajira, kweli. Hata hivyo aulize ofisi ya mfuko kabla ya kununua ndoo ya kwanza, jibu alipate kwa maandishi.

Mwanzisha mada: Na msimamizi akipandisha hadi siku tano kwa wiki?

Mkata Minofu: Siku 22 kwa 5,300 ni 116,600. Imelizidi fao kwa 16,700. Aende, ila mkataba utaje idadi ya siku na mchango, na fao asimamishe mwenyewe kabla ya kuvaa gambuti.