Kartamu kwenye vyungu na kwa maua ya kukata

Mpanda Maua, Arusha
Ndugu wakulima, habari zenu. Nina mbegu za kartamu (Carthamus tinctorius), mmea wa jamii ya alizeti wenye maua ya rangi ya chungwa, ambao wengi huujua kama zao la mafuta. Nakusudia kuotesha baadhi kwenye vyungu vya barazani na nyingine kwenye tuta, ili niwauzie wapambaji wa kumbi maua ya kukata. Naomba kufahamu kama inafaa kuanzia kitaluni, chungu kiwe na kina gani, na ua likatwe likiwa limefikia hatua gani.

Mama Bustani, Limuru
Karibu sana. Kitalu kiache kabisa. Kartamu hushusha mzizi mkuu ambao shambani unaweza kufika mita 2, na kwa sababu hiyo huvumilia ukame lakini huchukia kuhamishwa. Fukia mbegu papo hapo chunguni, kina cha sentimita 2 au 3, kisha ng'oa miche dhaifu ubakize iliyo imara. Chungu kisipungue kina cha sentimita 30, na utafute aina fupi, kwa kuwa zile ndefu hupita mita moja na huangushwa na upepo.

Hatari kubwa ni maji. Mizizi ikikaa kwenye udongo uliotuama maji, ukungu wa Phytophthora huiozesha, na mmea hunyauka ilhali udongo umelowa, jambo linalomfanya mwenye chungu adhani una kiu, aongeze maji na kuumaliza. Changanya udongo na mchanga, usiweke sahani chini ya chungu, na umwagilie pale tu udongo wa juu unapokauka. Samadi iwe kidogo na iliyoiva.

Mkata Maua, Naivasha
Naongeza kuhusu tuta. Panda kwa kubananisha kiasi, maana mmea ulioachiwa nafasi kubwa hutawanya matawi, nawe unahitaji shina refu lililonyooka. Ua la katikati hutangulia kufunguka; kata pale linapokuwa limechanua na matumba ya pembeni yameanza kuonyesha rangi kwenye ncha, kwa kuwa tumba lililo kijani tupu halitafunguka ndani ya maji. Ondoa majani ya chini, kwani majani huchakaa mapema kuliko maua yenyewe. Yasiyouzika yafunge mafungu na kuyaning'iniza kichwa chini penye hewa na giza: yakikauka hubaki na rangi nzuri, na wapambaji huyanunua pia.

Panda mwishoni mwa masika ili maua yafunguke kiangazi, kwa sababu mvua ikinyesha juu ya vichwa vilivyochanua huviozesha.

Msafiri wa Yamagata
Ninaishi Japani, katika mkoa wa Yamagata, ambako kartamu ndiyo ua rasmi la mkoa na huchanua mwezi Julai. Kwa desturi wavunaji wa hapa huingia shambani alfajiri, wakati umande umelainisha miiba, na petali, ambazo huanza zikiwa za manjano kisha huiva kuelekea wekundu, ndizo zilizotoa rangi ya midomo tangu zamani. Nawe kata alfajiri, shina likiwa limejaa maji. Kwa soko la wapambaji, hata hivyo, nakushauri utafute mbegu za aina isiyo na miiba, kwa maana anayefunga mashada mengi kwa siku moja hatakubali kuchomwa kila anaposhika shina.

Mpanda Maua, Arusha
Nawashukuru nyote. Mbegu nilizo nazo ni za aina yenye miiba. Nitazipanda kwenye vyungu, mbali na mahali watoto wanapochezea, na za tuta nitaagiza upya kabla masika hayajaisha.