Presha haikufuatiliwa kliniki, mtoto akafariki: je, tunaweza kudai fidia?

Bint Likoni
Assalaam alaykum. Dada yangu alihudhuria kliniki ya wajawazito katika hospitali moja hapa Mombasa. Mimba ilipofika miezi saba alilalamika kuumwa na kichwa kusikokwisha na kuona ukungu, na miguu yake ilikuwa imevimba, lakini akaambiwa ni uchovu wa ujauzito na kupewa dawa ya maumivu. Kitabu chake cha kliniki kinaonyesha presha ya 150/100 siku hiyo, na sehemu ya kipimo cha mkojo iliachwa tupu. Siku chache baadaye alishikwa na kifafa cha mimba. Yeye alinusurika, mtoto hakunusurika. Hayo yalitokea mwaka jana. Je, sheria inatupa nafasi?

Mkunga Mstaafu
Poleni sana, mwanangu. Presha ikifika 140/90 baada ya wiki 20 za ujauzito, mkojo hupimwa protini, na mama mwenye kichwa na ukungu wa macho juu ya hayo harudishwi nyumbani na dawa ya maumivu. Hulazwa, hupewa dawa za kushusha presha na, inapobidi, magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa. Hicho kitabu msimkabidhi mtu yeyote, hata akiwaomba kwa upole, toeni nakala.

Wakili wa Tononoka
Kwanza tuambie kama hospitali hiyo ni ya kibinafsi au ya umma. Madai ya uzembe dhidi ya hospitali ya kibinafsi hufunguliwa ndani ya miaka 3, ilhali dhidi ya serikali muda kwa kawaida ni miezi 12 tu, na wengi hupoteza haki zao hapo wakiwa bado wanangoja kuombwa radhi.

Mkishavuka hapo, ugumu hauko katika kuonyesha kwamba kosa lilitendeka, maana pengo lililo kitabuni linajieleza. Ugumu ni kuthibitisha kwamba kosa hilo ndilo lililosababisha kifo, kwa kuwa upande wa pili utadai kuwa kifafa kingetokea hata kama mkojo ungepimwa. Ndiyo maana mtahitaji ripoti ya daktari bingwa wa uzazi asiye na uhusiano na hospitali hiyo, atakayepima utendaji wao kwa kiwango cha daktari wa kawaida mwenye ujuzi huo. Kipimo hiki kilitoka katika kesi ya Bolam ya Uingereza, 1957, na mahakama zetu hukitumia. Ombeni faili lote kwa barua. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa dada yako haki ya kupata taarifa zake mwenyewe.

Bint Likoni
Ahsanteni. Ni ya kibinafsi. Kuna jamaa anayesema tupeleke malalamiko kwa baraza la madaktari badala ya kwenda kortini.

Wakili wa Tononoka
Pelekeni, ila si badala ya kesi. Baraza linaweza kumwadhibu daktari, na uamuzi wake ukawafaa kama ushahidi, lakini malalamiko hayasimamishi ile miaka 3. Kama aliyempima alikuwa muuguzi, husika ni Baraza la Wauguzi. Kesi yenyewe yaweza kufunguliwa mbele ya hakimu mkuu, ambaye mamlaka yake hufika shilingi milioni 20, na asiyemudu wakili aulizie Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria. Na barua ya kuomba faili iandikwe wiki hii, tena mhakikishe nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa.