Naomba ushauri: bibi ana dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), hii fomu ya hospitali naijazaje?

Wakuu habari za jioni, bibi yetu ana miaka 78, kapimwa kaambiwa ni dimensia, sasa daktari katupa fomu tujaze anachoweza mwenyewe, kuoga, kuvaa, chooni, kula, halafu simu, hela, dawa na kupika. Hayo ya mwanzo anafanya bila shida. Ila jiko hatujamwachia toka aunguze sufuria, na simu hajawahi kujua kupiga hata akiwa mzima, wajukuu ndo tunampigia. Sasa niandike hawezi au hafanyi? Dada angu anabisha eti anaweza kila kitu, na yeye huja Krismasi tu. Chenji ya elfu kumi sikuhizi inampiga chenga kabisa. Mliouguza wazee mlijazaje, au kwanza nimwachie apike chai nikiwa pembeni namwangalia?