Fundi cherehani nauliza: mwili nitauchangamsha vipi humu humu ndani, bila kutenga saa ya mazoezi?

Mama Madera, Ngamiani

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wengine wote habari za mchana.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nashonea nyumbani. Madera, sare za shule, na Idi ikikaribia ndiyo kabisa, kiti nakiacha kwa sala na chakula tu. Umri wangu miaka 52. Juzi nilikwenda kupima afya, muuguzi akaniambia sukari haijawa ugonjwa ila inaninyemelea, na presha nayo imeanza kusogea. Dawa hajanipa. Akasema nifanye mazoezi, hata nusu saa jioni. Sasa jioni ndiyo saa ya wateja. Huyu kaja kujaribu, yule kiuno kimembana, mwingine kashika kitambaa anataka gauni la kesho. Nusu saa hiyo naitoa wapi?

Nikakaa nikajitazama. Cherehani yangu ya zamani ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu. Sasa nimefunga mota, nagusa kwa ncha ya mguu inakwenda. Maji tulikuwa tukiteka kwa jirani, sasa yamo ndani. Nazi nilikuwa naikuna mwenyewe kwenye mbuzi, siku hizi ni blenda. Samaki nampigia simu kijana wa bodaboda ananiletea mpaka mlangoni. Sitamani kurudi nyuma, dhiki ile naijua. Lakini kila kilichonipunguzia kazi kimeniondolea na hatua, na hakuna kilichokuja kuziba hapo. Ikifika alasiri miguu imejaa, mikanda ya kandambili inaacha bonde juu ya unyayo.

Tafadhali msiniambie nikakimbie Raskazone alfajiri. Wanaokimbia nawapa heko, mimi siwezi. Nataka vitu vidogo vya humu ndani, vya kuingia katikati ya kazi. Na zaidi ya hapo nataka kujua: hivyo vidogo vinahesabika kweli, au ni kujifariji?

Muuguzi Mstaafu, Chumbageni

Waaleikum salaam mdogo wangu. Umeuliza swali la maana, na nitaanza na lile la mwisho.

Vinahesabika. Zamani sisi wenyewe tulikuwa tukiwaambia wagonjwa kwamba mazoezi yasiyofika dakika 10 mfululizo si kitu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mpya mwaka 2020, sharti hilo la dakika 10 halimo tena. Mtu mzima anatakiwa apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani, na anaruhusiwa kuziokota vipande vipande. Gawa 150 kwa siku 7, ni dakika 21 na ushei. Ukitembea haraka dakika 7 baada ya kila mlo, kwa milo mitatu karibu umezipata.

Lakini nikuambie ukweli wote. Kunyanyuka kufuata mkasi ukarudi kukaa hakuingii kwenye zile 150. Nguvu ya wastani maana yake unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kupiga deki kwa bidii, kufua kwa mkono, kutembea kwa haraka, hizo zinaingia. Kunyanyuka kwa mkasi kuna kazi nyingine, nayo si ndogo: kunakatiza kule kukaa. Mashavu ya miguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu kwenye moyo. Ukikaa saa tatu miguu inaning'inia, pampu imelala, maji yanatuama miguuni. Na sukari hivyo hivyo. Msuli unapofanya kazi unaivuta sukari kutoka kwenye damu, hata kama insulini yako, kile kichocheo cha mwili kinachoshusha sukari, imeanza kulegea. Ndiyo maana nimekutajia baada ya chakula, kwa sababu ndipo sukari inapopanda. Pita uani, zunguka nyumba, nenda mpaka dukani kwa mguu ukanunue uzi. Usile ukarudi moja kwa moja kwenye cherehani.

Sasa humo ndani. Wewe una kengele ambayo wenzio hawana: bobini. Kila uzi wa chini ukiisha, usiujaze umekaa. Simama, shika ukingo wa meza, nyanyua visigino ushuke, taratibu, mara kumi au kumi na tano, ndipo ujaze. Pasi iondoe pembeni ya kiti. Iweke upande wa pili wa chumba, upige umesimama. Vitambaa vya wateja viweke kabati la chini, uchuchumae kuvitoa, kama magoti yanakubali. Simu ikiita, ongea unatembea.

Mwongozo ule ule unataka pia misuli itiwe nguvu angalau siku 2 kwa wiki. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, hilo linakutosha. Na ukuta unao: simama hatua moja nyuma, weka viganja, jisukume.

Jambo moja usilipuuze. Uvimbe ukiwa mguu mmoja tu, au unauma, au usipopungua ukilala, au pumzi zikikubana, hayo si ya kukaa sana. Nenda hospitali ya Bombo wakutazame.

Mwalimu, Pongwe

Naomba niseme tofauti kidogo. Mama zetu wanafagia, wanapika, wanabeba watoto, halafu tunawaambia hawajafanya kitu waongeze na visigino. Mimi naona wanachohitaji ni kupumzika na kusaidiwa. Mwenye kukaa kutwa ni mume, kibarazani na kahawa yake. Aanze yeye.

Mama Madera, Ngamiani

Mwalimu, Mungu akuweke kwa kututetea. Yuko anayebeba kuni na kulima mpaka jua linazama, huyo mwambie apumzike, nami nitaungana na wewe. Mimi si huyo. Kufagia kwangu ni chumba na ukumbi asubuhi, na mabinti wananisaidia. Baada ya hapo ni kiti mpaka usiku. Uchovu ninao, lakini ni uchovu wa macho, shingo na mgongo. Miguu haijachoka, imekaa tu. Kulala hakuondoi uchovu wa namna hiyo, nimeliona mwenyewe. Na mume naye nitamsomea maneno yako leo leo.

Dada muuguzi, hilo la bobini limeniingia. Dera moja halimalizi bobini, ila nikiwa kwenye sare naibadilisha mara kwa mara.

Konda wa Zamani, Mabawa

Mimi sina elimu ya hospitali ila ninachosema nimekiishi. Nilikuwa konda wa daladala, kutwa kushuka na kupanda, kufukuzia abiria, kupakia mizigo. Nilikuwa mwepesi. Dereva wangu tulikula chakula kimoja, tuliamka saa ile ile, lakini yeye mgongo na presha vilimwanza mapema. Sasa nauza duka, nimekaa, na nguo zote zimekataa. Ninachofanya: bidhaa zinazotoka sana nimezipandisha rafu ya juu na nyingine za chini kabisa. Mteja akitaka balbu nanyoosha, akitaka misumari nainama. Wateja wengine hukasirika nachelewa, nawaomba radhi.

Muuguzi Mstaafu, Chumbageni

Ndugu yangu konda, ulichokiona kwa dereva wako kiliwahi kuchunguzwa Uingereza. Daktari Jerry Morris na wenzake waliwalinganisha madereva na makonda wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa zamu nzima, konda anapanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Matokeo yalitoka mwaka 1953: makonda walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva. Hakuna konda aliyekuwa akifanya mazoezi pale. Alikuwa kazini.

Rafu zako nimezipenda. Ila vizito usiviweke juu, utajiangushia.

Bibi wa Raskazone

Wanangu, hamjambo. Mjukuu ndiye anayeniandikia haya.

Mimi nina miaka sabini na ushei na bado nakaa chini kwenye jamvi. Kula, kuchambua mchele, kusuka ukili, yote chini. Watoto wameniletea makochi, nawashukuru, wakae wageni. Kwenda chini na kuinuka peke yako, hiyo ndiyo inayoniwezesha kwenda msalani bila kumwita mtu. Shoga yangu mmoja alizoea kochi na kitanda kirefu, leo akiangukia chini anasubiri watu wawili. Na sala nasali kwa rukuu na sujudu kamili, rakaa 17 za faradhi kila siku, maadamu viungo vinaruhusu. Ibada ni ya Mwenyezi Mungu, sisemi ni mazoezi, lakini neema yake ipo na magotini.

Wewe Mama Madera bado kijana. Kata vitambaa vyako chini kwenye mkeka kama mafundi wa zamani.

Muuguzi Mstaafu, Chumbageni

Shikamoo bibi. Umesema lililonipita. Kwa waliofika miaka 65, mwongozo unaongeza mazoezi ya kujiweka sawa ili mtu asianguke, siku 3 au zaidi kwa wiki. Ukingojea chai ichemke, simama mguu mmoja umeshika ukingo wa meza, kisha badilisha. Mikono usiiachie mpaka umezoea.

Mama Madera, Ngamiani

Marahaba ya bibi iwafikie wote. Pasi nimeshaihamisha, iko karibu na dirisha, mwisho wa chumba. Nguo za wateja zilizokwisha natundika uani, siyo hapa nyuma ya kiti, kwa hiyo kila anayekuja natoka kumletea. Na nazi ya wali wa Ijumaa nitaikuna kwenye mbuzi, blenda ibaki ya siku za haraka. Tui la mbuzi lina ladha yake, hilo hata mume kalikubali.

Tatizo ni mkeka wa bibi. Kushuka nashuka, kuinuka goti la kulia linalia na linauma. Niache au nilazimishe?

Muuguzi Mstaafu, Chumbageni

Usilazimishe. Anzia juu. Chukua kiti kigumu, tia mto juu yake kiwe kirefu, kaa, halafu simama bila kujishika, polepole, ukae polepole. Mara tano, asubuhi na jioni. Likizoea, toa mto. Miguu ikipata nguvu ndipo ujaribu kigoda, na mkeka uwe wa mwisho. Goti likivimba au likiwa la moto, acha ukapimwe.

Na atakayesoma hapa akiwa tayari anatumia insulini au vidonge vya sukari, azungumze kwanza na daktari wake, maana kuushughulisha mwili kunaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Wa dawa za presha wasinyanyuke ghafla, kizunguzungu kinaangusha.

Mdogo wangu, usipime sukari kila wiki ukavunjika moyo kwa namba moja. Fuata haya miezi 3, kisha omba kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Siku hiyo ya kupima si lazima ukae na njaa. Ukipata majibu njoo uniandikie hapa hapa, tuyasome pamoja.