Mtabiri anayesita: tumfundisheje kutoa tahadhari ya dhoruba za radi Ziwa Victoria?

Mkufunzi wa Zamu

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninawanoa watabiri wapya wa hali ya hewa Kanda ya Ziwa. Darasani wanasoma picha za rada vizuri, na ukiwauliza kwa nini dhoruba za ziwani hushamiri usiku, watakueleza bila kigugumizi kwamba pepo za nchi kavu hutoka pande zote na kukutana juu ya maji yenye joto. Lakini wakikaa zamu, wingu likaanza kupanda, husubiri picha moja zaidi, kisha nyingine, mpaka dhoruba imeshaifikia mitumbwi. Kuwaongezea nadharia hakujasaidia. Uamuzi wenyewe unafundishwaje?

Mzee wa Rada

Ndugu Mkufunzi, kusita hakutibiwi kwa nadharia. Huko Norman, Oklahoma, ambako watabiri wa Marekani hufundishwa kazi hii, mwanafunzi huonyeshwa data za dhoruba iliyokwisha kupita kana kwamba inatokea sasa hivi, naye hutakiwa kuchora eneo la hatari na kuandika tahadhari kabla hajaujua mwisho wake. Nawe unaweza kufanya hivyo kwa kumbukumbu za rada ya Mwanza. Kwa kila picha inayoingia, mwanafunzi aandike anatarajia nini katika nusu saa ijayo, na ni ishara ipi ikionekana atatoa tahadhari. Akishaandika kwamba anangoja mwangwi mzito (mawimbi ya rada yanayorudishwa kwa nguvu na wingu) ushuke kutoka juu ya usawa wa kuganda, yaani kimo ambako maji huganda, nao ukashuka, hana tena kisingizio.

Wengi hungoja waone upepo mkali kwenye rada, wakisahau kwamba rada hupima tu kasi ya kuijia au kuondoka kwake. Upepo unaoukatiza mwale wa rada huonekana kama umetulia. Tena mwale ulioinuliwa nyuzi 0.5, ukifika umbali wa kilomita 150, uko zaidi ya kilomita 2.5 juu ya usawa wa rada, ilhali upepo unaopindua mtumbwi uko chini huko kwenye maji.

Mpenda Hesabu

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe, ila naogopa wanafunzi wakajifunza kutoa tahadhari kwa kila wingu. Mvuvi aliyelala njaa mara tatu kwa dhoruba ambayo haikuja, mara ya nne hatakusikiliza. Kwa hiyo wapimwe kwa dhoruba walizozikosa na kwa tahadhari zisizotimia pia, wala usiku tulivu usiwaongezee alama. Mwaka 1884 John Finley wa Marekani alitangaza matokeo ya utabiri wake wa tornado (kimbunga chembamba cha nchi kavu), mara 2,803, na kwa hesabu yake alipatia asilimia 96.6. Mwanajiolojia G. K. Gilbert akamwonyesha kwamba mtu ambaye angesema kila siku "hakuna tornado" angepatia asilimia 98.2! Ukweli ni kwamba kati ya mara 100 alizosema itatokea, mara 72 haikutokea.

Mkufunzi wa Zamu

Nashukuru sana. Zoezi la kuandika ishara mapema nitalianza mara moja, na alama nitazitoa kwa pande zote mbili.

Mwana wa Ukerewe

Wakuu, ninyi nyote mnazungumzia saa sita usiku. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na taa zao, na wakishafika kilindini, tahadhari ya nusu saa haiwarudishi ufukweni, hata kama simu zao zitashika mtandao. Kwao uamuzi wenye maana ni ule wa saa kumi alasiri. Inajulikana kwamba dhoruba kubwa za mchana kwenye nchi kavu kuzunguka ziwa mara nyingi hutangulia usiku mbaya ziwani, na picha za setilaiti huzionyesha mapema. Basi, Mkufunzi, zoezi lako lianze saa nane mchana kwa setilaiti, rada ifuate baadaye. Wafundishwe pia kutaja upande wa ziwa na saa, kwa sababu tangazo la "baadhi ya maeneo ya ziwa" halimwelezi mtu wa Nansio kama hatari ni ya kwake au ya Bukoba.