Mjadala: Hivi kukubali evolusheni ni kuacha dini? Tuanzie na silikanti wetu wa Tanga

Asalaam aleikum, na ndugu zetu Wakristo Tumsifu Yesu Kristo. Leo naomba tujadili kwa utulivu jambo ambalo naona hapa Tanga linazidi kukolea. Kuna klipu ya mawaidha inazunguka kwenye magrupu, mhubiri simtaji wala haina haja, maana wa dini zote mbili wanaosema hivyo wapo, anadai Mungu ameshawaumbua wanasayansi kwa huyu samaki wetu silikanti, kwamba walisema alishatoweka mamilioni ya miaka huko nyuma kumbe yupo zake Kigombe ananasa kwenye jarife, na yuko vilevile hajabadilika hata pezi, kwa hiyo evolusheni ni uongo na mwenye kuikubali huyo dini hana. Watu wameipokea kwa takbiri na amina nyingi sana.

Mie ni Muislamu na nafundisha baiolojia sekondari. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kukubali evolusheni, yaani kwamba viumbe hubadilika vizazi kwa vizazi na kwamba vina asili moja, hakumtoi mtu kwenye dini, na hii hoja ya silikanti ni mbovu, itakuja kutuaibisha mbele ya watoto wetu wenyewe.

Tumtazame basi huyo samaki. Ni kweli wanasayansi walikuwa wanamjua kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, na kwenye mawe alikuwa haonekani tena tangu kama miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Desemba 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini dunia nzima ikashangaa. Sisi huku wavuvi wa papa walianza kuwapata kwa wingi miaka ya 2003 na 2004 kuendelea, nyavu zikishushwa kina kirefu, na ndiyo maana mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mpaka hapo mhubiri yuko sawa. Anapokosea ni pale anaposema hajabadilika. Silikanti wa kwenye mawe hawakuwa aina moja, walikuwa aina nyingi, wengine wadogo tu, wengine wakubwa kumshinda huyu wa leo, wengine wakiishi maji baridi kabisa, na huyu anayevuliwa kwetu si aina moja na hata mmoja wao. Halafu ndani ya mwili wake ana pafu lililosinyaa, halifanyi kazi yoyote, limezungukwa na mafuta, maana anaishi kina ambacho hewa ya juu haimhusu. Sasa pafu la nini kwa samaki asiyepanda juu kuvuta pumzi? Ukimuuliza mwanasayansi atakwambia mababu zake walilitumia. Na yale mapezi yake manne ya chini, wavuvi wanaojua watakwambia, si kama ya changu au kolekole, yana mfupa na nyama ndani kama kikono, na akiogelea anayapeleka kwa kupishana, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mnyama wa miguu minne anavyotembea. Mwaka 2013 zilipochapishwa jeni zake zote, yaani maelekezo ya urithi yaliyo mwilini, ikaonekana zile zinazotengeneza protini zinabadilika polepole kuliko za wanyama wengi, lakini zinabadilika, na ikaonekana pia kwamba aliye karibu zaidi na sisi wa nchi kavu si yeye bali ni kambare mamba, yule anayejizika kwenye tope wakati wa kiangazi na kuvuta hewa. Kwa hiyo aliyemleta silikanti kama shahidi wa kupinga evolusheni ameleta shahidi wa upande wa pili.

Linaloniuma hasa ni wanafunzi. Kidato cha kwanza kwenye historia wanakuta chimbuko la binadamu, wanasoma Olduvai na lile fuvu la Zinjanthropus alilolikuta Mary Leakey mwaka 1959, la miaka kama milioni 1.75, na nyayo za Laetoli za zaidi ya miaka milioni tatu na nusu, vyote vya nchi yetu hii hii. Kidato cha nne baiolojia inawaletea evolusheni yenyewe. Jioni mtoto anakwenda madrasa au Jumapili kanisani anaambiwa yale ni ya kujibia mtihani tu, andika upate maksi ila usiamini. Jamani hapo tunamfundisha nini huyu mtoto? Tunamfundisha kuandika asichokiamini ili apate cheti, na dini gani hiyo inayomlea mtu hivyo? Wengine wakifika chuo kikuu wakakuta ushahidi wenyewe ni mzito wanaona walidanganywa, na wakiona walidanganywa kwenye samaki wanaanza kutilia shaka hata yale ya kweli waliyofundishwa, kuhusu Mungu mwenyewe. Nawajua waliopita njia hiyo na inauma.

Wala si lazima tuchimbe mawe. Watu wazima humu mnaikumbuka klorokwini, ile chungu ya kuwasha mwili. Ilitibu malaria miaka na miaka, mwisho ikawa mtu anameza dozi yote homa iko palepale, ikaondolewa mwaka 2001 ikaja dawa nyingine iitwayo SP, nayo ikachoka, na tangu 2006 tuko na dawa mseto. Kilichotokea ni kwamba kati ya vimelea mamilioni kulikuwa na vichache vyenye hitilafu kidogo kwenye jeni iliyovifanya visiuawe na dawa, vile vingine vikafa, hivi vikabaki vikazaliana, baada ya muda vikatapakaa. Malawi waliiacha klorokwini mapema, 1993, na zaidi ya miaka kumi baadaye watafiti walipoijaribu tena kwa watoto wakakuta inatibu, maana dawa ilipoondoka vile vimelea sugu vikakosa faida vikazidiwa na wenzao. Hii ndiyo evolusheni inavyofanya kazi na Muheza na Korogwe pale watu wamekuwa wakiifuatilia hospitalini na maabara miaka mingi. Sijasikia mtu akiwaita makafiri wale wanaotubadilishia dawa.

Kwa upande wa dini nawaleta wazee wawili, kila mmoja wa upande wake. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizungumzia watu wa zama zake waliodhani kuitetea dini ni kukataa maelezo ya wanafalaki, wataalamu wa nyota, kuhusu kupatwa kwa mwezi, kwamba dunia inaingia kati ya jua na mwezi. Akasema mtu wa namna hiyo anaidhuru dini kuliko anayeishambulia waziwazi, kwa sababu lile la kupatwa limethibiti kwa hesabu, na ukimwambia mwenye hesabu zake kwamba dini inapinga, yeye hatatilia shaka hesabu, atatilia shaka dini. Miaka mia saba kabla yake Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa kaskazini huko Algeria ya leo, aliandika akifafanua Mwanzo kwamba ni aibu kubwa asiyeamini amsikie Mkristo akisema upuuzi kuhusu mbingu na nchi kisha adai ndivyo Maandiko yanavyosema, maana yule hataamini tena yanapozungumzia ufufuo. Hawa si watu wa kusemwa wamelewa uzungu. Na mwaka 2016 jua lilipopatwa, wanasayansi walitaja siku na saa mapema, watu wakafunga safari mpaka Rujewa kulitazama, na sisi Waislamu swala ya kupatwa tuliswali vilevile. Kujua linavyopatwa hakukumpunguza Mwenyezi Mungu chochote.

NIMERUDI. Majibu ni mengi, nayajibu yale mazito.

Kuna aliyesema mfano wa malaria haufai, kimelea kimebadilika lakini kimebaki kimelea, hakijawa kuku. Hoja nzuri na ndiyo wengi wanasimamia hapo. Ila ndugu yangu, panda Usambara. Vinyonga wa pembe mbili wa Amani, Usambara Mashariki, na wale wa Lushoto, Usambara Magharibi, zamani vitabu viliwaita aina moja, mpaka mwaka 2008 walipochunguzwa vizuri wakaonekana ni aina tofauti. Katikati yao kuna bonde la Lwengera, kuna joto, na kinyonga wa msitu wa baridi hapiti pale. Mababu wamoja, milima miwili, muda mrefu, kila upande ukaenda njia yake. Ukikubali hilo kwa vinyonga, basi niambie ni nini kinachosimamisha mabadiliko yasiendelee miaka milioni kumi, mia, mia tatu? Muda upo. Yale mawe ya chokaa ya mapango ya Amboni, tunakopeleka wageni kutembea, yalijengeka chini ya bahari kama miaka milioni 150 iliyopita.

Mwingine, nadhani ni mama yetu wa Chumbageni, kaandika kwa uchungu kwamba evolusheni inasema tumetokea kwa bahati nasibu tu na Mungu hana kazi. Mama, shikamoo. Nakuelewa, na wapo wanasayansi wanaosema hivyo, nami nasema hao wametoka nje ya kazi yao. Sayansi inapima mifupa, jeni na miaka, kipimo cha kumpima Mungu haina, kwa hiyo haina haki ya kutangaza hayupo. Mabadiliko ya jeni hayana mpangilio tunaoweza kuutabiri sisi, hilo kweli, lakini sisi waumini tangu lini tumesema kisichotabirika kwetu kiko nje ya Mungu? Qur'ani inasema halianguki jani ila Yeye analijua, na Injili inasema shomoro mmoja haanguki chini bila Baba. Mimba inatungwaje? Mbegu mamilioni, inaingia moja, na hakuna daktari anayeweza kukwambia itakuwa ipi, na bado kila mmoja wetu anasema Mungu ndiye aliyemuumba, wala hasemi uongo.

Wakristo mliouliza kuhusu siku sita, hapo nitapita haraka maana wenyewe kwa wenyewe mna majibu. Agostino huyo huyo aliona tatizo la siku tatu kupita kabla jua halijaumbwa. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu asili ya mwili wa binadamu ichunguzwe, akasisitiza roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema nadharia hii sasa ni zaidi ya dhana. Walokole najua hamumfuati Papa, ila msiseme hakuna Mkristo anayekubali.

Sasa Adam. Hapa ndipo penye ugumu wenyewe na sitaki kupapita juu juu kama wanavyofanya wengi. Wanyama na mimea sioni aya inayonizuia, tumeambiwa kila kilicho hai kimetokana na maji, tumeambiwa tutembee ardhini tutazame uumbaji ulivyoanza, na namna ulivyoendelea hatukupewa. Lakini Adam katajwa kwa jina, kwa udongo, na kafananishwa na Nabii Isa, na wanazuoni wetu wengi wanashika kwamba hakuwa na baba wala mama. Upande wa pili kuna miili yetu. Jeni ya kutengeneza vitamini C, ambayo wanyama wengi wanayo nzima, kwetu imeharibika, na kwa sokwe imeharibika vilevile. Sokwe ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, 48 sisi 46, na kromosomu yetu ya pili inaonyesha alama za mbili zilizoungana. Huwezi kuyafuta haya kwa kupiga kelele.

Wanazuoni wa leo wanaokubali evolusheni wamegawanyika. Wapo wanaosema viumbe vyote vimepita njia hiyo isipokuwa Adam, yeye ni muujiza, na Maandiko hayakusema kama kabla yake kulikuwepo au hakukuwepo viumbe vya umbo la watu, hivyo mifupa ya Olduvai haigombani na aya yoyote. Wapo wanaoongeza kwamba kizazi chake kilichanganyika na hao waliokuwepo, na hoja hii wanayo Wakristo pia. Na wapo wachache wanaosema udongo ni mwanzo wa safari ndefu ya mwili, na uadamu ulianza pale alipopuliziwa roho na kufundishwa majina. Mie nimesimama na hao wenye muujiza na kizazi kuchanganyika, kwa sababu inaniachia aya kama ilivyo na inaniachia mifupa na jeni kama zilivyo, ila sikufichi kwamba wanaosema muujiza usitumike kuziba pengo wananibana, na sheikh mmoja ninayemheshimu hapa Ngamiani naye ananibana kwa upande wa pili, anasema huko kuchanganyika hakuna dalili ya maandiko.

Kwa hiyo ninalotaka sasa, wenye elimu ya tafsiri mnijibu hapo penye kuchanganyika, mniletee aya au hadithi inayokataza waziwazi, si rai ya mtu. Na wenzangu walimu wa baiolojia, hasa mlio Pangani na Muheza, semeni mnapofika hiyo mada ya kidato cha nne darasani mnawaambia nini watoto wakiuliza kuhusu Adam, maana wanauliza kila mwaka na mie siko tayari kuwaambia wangoje mpaka wamalize mtihani.