Mizinga minne na kazi ya kuajiriwa: kiangazi nikague kila baada ya siku ngapi?

Kitalu_4

Wakuu, naomba ushauri. Nina mizinga minne ya Langstroth (masanduku yenye fremu za kuchomoa), kila mmoja sanduku moja la majana (mayai, mabuu na pupa) lenye fremu kumi, na nafasi ya kuifungua ni Jumamosi alasiri tu, tena si kila Jumamosi. Maua ni mengi, na kwenye mzinga mmoja nyuki wananing'inia mlangoni jioni kama ndevu. Nikiruka wiki moja kuna hatari gani? Na kazi ipi haingoji kabisa?

Mrinaji

Mkuu, anayepanga ratiba hapa ni malkia mtarajiwa. Yai lake hukaa siku tatu, buu hulishwa siku tano hivi, chumba chake cha nta kinazibwa karibu na siku ya 8, naye hutoboa na kutoka siku ya 16. Hali ya hewa ikiwa nzuri, malkia mzee huondoka na nusu ya nyuki au zaidi mara tu chumba cha kwanza kinapozibwa. Kwa hiyo ukikuta vikombe vya nta vitupu (mwanzo wa vyumba vya malkia) leo, Jumamosi ijayo bado unawahi. Ukiiruka hiyo, unaweza kufungua siku ya 14 ukakuta sanduku limepwaya na hakuna yai hata moja.

Kama kila wiki haiwezekani, mkate malkia theluthi ya bawa moja. Bumba (nyuki wanaohama na malkia mzee kundi likigawanyika) litatoka, litamkosa, litarudi mzingani. Yeye anaweza kupotea majanini, lakini nyuki unabaki nao mpaka malkia mpya atoboe. Hapo unaweza kukagua kila siku 10. 14 ndiyo mwisho. Angalizo: hii haizuii kugawanyika, inakuongezea siku tu.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji kumtafuta malkia. Toa fremu ya pembeni uisimamishe chini upate nafasi, kisha vuta tatu za katikati. Mayai yaliyosimama wima yametagwa ndani ya siku moja au mbili. Angalia kingo za chini na za pembeni, ndiko vyumba vya malkia vinakoning'inia. Ukiona hata kimoja chenye buu kwenye maziwa (chakula chake cheupe), kagua fremu zote kumi na kung'uta nyuki kila moja (isipokuwa ile yenye malkia), maana chumba kimoja kilichofichwa chini ya nyuki kinatosha kukuharibia kazi. Jioni fremu mpya ni laini kwa joto la mchana: ishike wima, ukiilaza sega linakatika.

Kubomoa vyumba peke yake ni kazi bure, watajenga vingine. Na kama bumba limeshaondoka, umewaacha hawana malkia wala mbegu yake. Gawa mwenyewe: malkia mzee na fremu mbili za majana yaliyozibwa, moja ya asali na chavua, uwang'utie nyuki wa fremu mbili nyingine, vyote kwenye sanduku jipya. Kule kwa zamani bakiza chumba kimoja kizuri.

Nta_Safi

Kuhusu ndevu: peke yake si dalili ya kugawanyika. Majana yanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 34 hadi 35, kwa hiyo joto likizidi nyuki wengi hutoka nje ili hewa ipite. Fungua mlango wote, weka vijiti vya unene wa sentimita moja hivi chini ya kifuniko, na tafuta kivuli cha mchana. Maji yawe karibu kabla joto halijakolea: beseni lenye mawe ya kutua, lisikauke. Wakishazoea kunywa kwa jirani, kuwahamisha ni shida.

Nyuki wakifunika fremu saba kati ya kumi, ongeza sanduku la asali, na wavu wa kuzuia malkia chini yake. Ukijua hutafika wiki mbili, weka mawili.

Mrinaji

Mawili kwa kundi kubwa tu. Kundi dogo likipewa masega lisiloweza kuyalinda, nondo wa nta wanaingia. Na nyuki wanapanda haraka zaidi kwenye masega yaliyojengwa tayari. Fremu zote zikiwa na nta ya msingi tupu (karatasi ya nta ya kujengea sega), wanaweza kuukwepa wavu na kulijaza mbochi (maji matamu ya maua) sanduku la majana. Hapo malkia anakosa pa kutaga, na safari ya kugawanyika imeanza.

Kitalu_4

Nimeelewa, asanteni. Na kurina je, kwa mtu wa Jumamosi?

Nta_Safi

Weka ubao wa kutokea nyuki (wanashuka, hawarudi juu) Ijumaa jioni, chini ya sanduku la asali. Jumamosi alasiri wengi watakuwa wameshuka. Usiuache zaidi ya siku mbili, na ziba kila mwanya wa juu, maana asali isiyo na walinzi inaita wezi. Kukiwa na majana juu, nyuki hawatashuka.

Chukua fremu zilizozibwa robo tatu au zaidi. Zilizobaki zilaze na uzitikise: mbochi ikidondoka, zirudishe. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 huchacha. Lenga 18 au chini.

Maua yakiisha, punguza mlango ubaki wa vidole viwili, na kama unalisha, lisha ndani ya mzinga jioni. Kisha pima utitiri wa varoa (vidudu vinavyokaa kwenye nyuki na majana): nyuki 300 kutoka fremu ya majana (nusu kikombe, hakikisha malkia hayumo), vijiko viwili vya sukari ya unga, chupa yenye kifuniko cha wavu. Viringisha, subiri dakika moja, kung'utia kwenye sahani nyeupe yenye maji. Ukihesabu tisa au zaidi, tibu, lakini baada ya masanduku ya asali kutoka. Asidi ya fomiki usiiweke joto likipita nyuzi 29, inaweza kuua malkia.

Mrinaji

Pima mizinga yote minne. Mmoja safi hausemi chochote kuhusu mwingine.